Farasi kashuka boti juzi: nimpande lini?

SWALI: Assalamu alaykum, shikamoo mzee wangu. Nimenunua farasi jike wa miaka tisa kutoka Arusha. Kaja kwa lori mpaka Dar es Salaam, akavuka kwa boti ya mizigo mpaka bandari ya Malindi, Unguja, na hapa kwetu Jambiani leo ni siku ya nne. Maji anayanusa tu, anakunywa kidogo mno. Usiku kucha analia na kuzunguka banda. Jirani anasema huo ni ujeuri, nimpeleke pwani nimpande mpaka achoke, atatulia. Wageni nao wameshaanza kumuulizia. Ninaye punda mmoja uani. Nimpande lini, na nianzie wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Hongera kwa kupata mnyama, na pole ya usingizi, maana najua hapo nyumbani hakuna anayelala.

Tandiko litie kwenye gunia ulitundike juu, na ufunguo wa stoo umpe mtu asiyekuonea haya. Humpandi wiki hii, humpandi wiki ijayo. Siku nitakutajia huko mbele, lakini hivi sasa shida ya farasi wako haiko mgongoni. Iko tumboni, puani na kwenye upweke wake.

Jirani yako usimlaumu. Mimi niliwahi kusema maneno hayo hayo, tena nikiwa kazini. Nilikuwa bwana mifugo, ng'ombe na mbuzi nawajua kwa kuwashika tu, nikaitwa pwani ya mashariki kumtazama farasi aliyeshushwa siku tatu nyuma. Alikuwa hatulii mahali pamoja, analia, anapiga kwato chini. Nikasema ana nguvu za bure huyu, mpandeni. Wakampanda alasiri, mwezi wa Januari, kwenye mchanga mkavu. Saa nne usiku nikagongewa mlango: farasi kajitupa chini anajigaragaza, anageuza shingo kujitazama ubavu, jasho linamtiririka. Alikuwa na msokoto wa tumbo. Tulikuwa naye mpaka adhana ya alfajiri, daktari akaja na mpira wake wa kupitisha puani mpaka tumboni, na Mungu akatunusuru. Aliishi. Mimi ndiye niliyerudi kusoma upya, kwa sababu siku ile niliona wazi kwamba nilikuwa nikimtazama farasi kama ng'ombe asiye na pembe.

Farasi hacheui, na hawezi kutapika. Akishameza, kilichomezwa hakina njia ya kurudi. Kitapita chote kwenye utumbo wa karibu mita 30, wenye kona na mahali pa kubanana. Kinachosukuma ni maji na majani, basi. Sasa mtazame wako: kasimama kwenye lori kutoka Arusha, kavuka bahari, kafika mahali pa joto, na kwa siku nne hanywi. Hata angekuwa mpole kama kondoo nisingekuruhusu kumpanda.

Kwa hiyo tuanze na maji, tena leo leo.

Farasi aliyepumzika hunywa karibu lita tano kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Wako, kama ni wa kawaida wa huko juu, atahitaji lita 20 kwa uchache, na kwa kaskazi hili zaidi sana. Usikisie. Tia maji kwa ndoo unayojua ujazo wake, asubuhi na jioni andika kilichopungua. Visima vya pwani yetu unavijua: maji yana chumvichumvi, sisi tumeyazoea. Yeye kakulia maji ya Arusha, na farasi hutambua maji mageni kwa harufu kabla hajatia ulimi. Mwekee ndoo mbili kando kando, moja ya kisima, nyengine ya mfereji, yaani bomba, au ya mvua kama mnayo kwenye tangi. Ndoo ikiwa mpya inanuka plastiki, isugue kwa majani na maji matupu, usitie sabuni. Akikataa zote, tia kikombe cha maji ya miwa kwenye ndoo moja, nyengine uiache tupu ya ladha ili asikose pa kuchagua. Akianza kunywa, mpunguzie utamu siku hadi siku, na maji ya kisima uyaongeze kidogo kidogo mpaka ayazoee. Majani yake pia yaloweke kabla ya kumpa. Hapo anakunywa bila ya kujua.

Huku ukisubiri, mpime. Bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili uachie: irudi papo hapo. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba uachie: weupe uondoke ndani ya sekunde mbili. Ufizi uwe na ute, usiwe mkavu wa kunata. Kisha hesabu mavi yake. Usione haya; mtu wa farasi husoma mavi kama nahodha anavyosoma mawingu. Farasi mzima hunya mara nane mpaka 12 kwa siku, madonge laini yanayovunjika yakianguka. Yakiwa madogo, makavu, yamefunikwa utando, tumbo linakauka. Zikipita saa sita au nane bila ya kitu, au akianza kuparapara chini, kujitazama ubavu, kulala na kuinuka, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, na chakula mwondolee.

Nakuomba jambo moja: usikubali mtu amnyweshe mafuta, soda wala dawa ya majani kwa chupa. Wazee wetu wamewanywesha ng'ombe hivyo miaka na miaka. Kwa farasi kitu hicho huingia mapafuni kirahisi, ukawa umeondoa tatizo la tumbo ukaleta la kifua.

Sasa chakula. Mpigie aliyekuuzia umuulize alikuwa anamlisha nini, kiasi gani, mara ngapi. Kama lori lilikuja na robota zake za majani makavu, hizo ni mali, usimpe mbuzi. Chakula cha farasi hubadilishwa kidogo kidogo kwa siku kumi mpaka 14, kwa sababu wadudu wadogo wa tumboni mwake wanaosaga majani wanahitaji muda wa kuzoea. Siku za mwanzo majani ya zamani yawe mengi, ya kwetu yawe fungu dogo, kila siku mbili tatu unageuza mizani. Kwa jumla apate majani makavu kama asilimia mbili ya uzito wake. Ukimlisha mabichi kumbuka kwamba robo tatu au zaidi ya jani bichi ni maji, kwa hiyo unazungumzia mzigo wa kilo 30 na zaidi kwa siku. Watu wengi hufilisika hapa, si kwenye kununua farasi. Ukoka ni mzuri. Mabingobingo yanafaa kujazia tumbo lakini yasiwe ndiyo chakula pekee, hasa mkiyapiga na pumba. Majani hayo hufunga madini ya chokaa asiyapate, na pumba huongeza balaa kwa wingi wa fosforasi. Mwisho mwili unachota chokaa kwenye mifupa, na utaona mfupa wa uso umevimba pande mbili. Nimemwona mmoja kageuka sura hivyo, na mwenyewe akidhani ananenepa.

Lusina tunayowapa mbuzi, mwache nayo mbali. Ina sumu inayoangusha nywele za farasi, ukaamka siku moja mkia umebaki kama ufagio wa chelewa uliochakaa. Majani ya mhogo pia usimpe. Na mkitumiwa na hoteli majani yaliyokatwa bustanini, yakataeni kwa heshima: yanachacha haraka, na ndani yake huwamo oleanda, ua zuri la kwenye uzio wa nyumba ambalo majani machache tu humuua farasi.

Halafu kuna mchanga. Jambiani yenu ni mchanga mtupu, na farasi akilishwa chini huukomba pamoja na majani, ukatulia tumboni kama chini ya mtungi. Nayo ni njia nyengine ya msokoto. Lakini pia sitaki umtundikie chakula juu. Safarini farasi hufungwa kichwa juu saa nyingi, vumbi na makamasi yakashindwa kutoka. Akifika anahitaji kuinamisha kichwa ili kifua kijisafishe. Basi mlishe chini, ila ndani ya beseni pana au tairi la lori lililozibwa chini, juu ya jamvi, na pembeni pafagiliwe. Kila wiki chukua madonge sita ya mavi yasiyogusa ardhi, yavuruge kwenye ndoo ya maji, yaache robo saa, umwage taratibu. Mchanga ukibaki chini unaujua umetoka wapi.

Kuvuka bahari si jambo geni kwa farasi wa Unguja. Mwaka 1840 meli ya Seyyid Said, Sultana, ilitoka hapa mpaka New York, na kati ya zawadi za rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Walikaa baharini miezi. Wako kavuka kwa saa chache tu, lakini safari yake ya barabara ni ndefu, na homa ya safari hutokea siku chache baada ya kufika, wakati wewe unadhani mambo yamekwisha.

Kwa hiyo nunua kipimajoto, kile cha kawaida cha duka la dawa, ukifunge uzi usikipoteze ndani. Simama ubavuni, si nyuma, inua mkia, tia na mafuta kidogo. Asubuhi kabla ya jua na jioni. Joto lake liwe kati ya 37.5 na 38.5. Mapigo, unayasikia kwenye mshipa chini ya taya, yawe 28 mpaka 44 kwa dakika akiwa ametulia. Pumzi nane mpaka 16, ingawa kwa joto la mchana zitapanda kidogo. Joto likipita 38.6 mara mbili mfululizo, au akakohoa, au akashusha kichwa na kukataa kula, usingoje siku ya tatu.

Ndiyo sababu punda wako asimguse kwanza. Kuna ugonjwa wa majipu ya koo ambao farasi huweza kuja nao akiwa hana dalili. Hujitokeza baina ya siku tatu na wiki mbili, tezi za chini ya taya zikavimba, usaha ukatoka puani, na punda huupata pia. Weka uzio, waonane, lakini baina yao pawe na hatua nne au tano, ndoo zao mbali mbali, na wewe unawe mikono ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine. Siku 21. Ndani ya muda huo mpe punda dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari, kwa sababu punda hubeba minyoo ya mapafu bila ya kukohoa hata mara moja, na farasi akila majani ya pamoja nayo atakohoa yeye.

Unaona, wiki tatu hizo umeshazipata bila ya mimi kutaja kupanda.

Kuonana na punda ndiyo dawa ya kelele za usiku, angalau nusu yake. Farasi ni mnyama wa kundi. Anapolia usiku anawaita wenziwe aliowaacha Arusha, na kila asipojibiwa anaona hapo alipo si salama. Sogeza banda la punda mpaka waonane hata kwenye giza. Baada ya siku mbili tatu utasikia kelele zimepungua. Kisha chunguza jambo ambalo wengi hawalitazami: analala chini? Farasi husinzia akiwa kasimama, hilo kila mtu analijua, lakini usingizi mzito haupati mpaka alale, na unamtosha nusu saa mpaka saa moja kwa siku. Asiyejiamini halali. Ukienda alfajiri ukakuta mchanga ubavuni na majani kwenye singa, amelala. Siku hiyo tia alama kwenye kitabu chako, maana ni kubwa kuliko siku ya kwanza ya tandiko.

Usubi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, wa virusi, unaosambazwa na usubi, wale wadogo wanaouma magharibi mpaka alfajiri. Punda hawaumwi sana nao. Farasi hufa, ule wa mapafu huua zaidi ya tisa katika kumi, na dawa ya kuutibu hakuna, kuna chanjo tu. Muulize muuzaji kitambulisho cha chanjo na tarehe yake. Kama hakuchanjwa, hilo ndilo la kuzungumza na daktari wa mifugo wiki hii. Kama alichanjwa karibu na safari, asifanye kazi nzito wiki mbili tatu, sababu nyengine ya kumwacha. Banda lako liwe na wavu mdogo matundu, farasi aingie kabla ya jua kuzama atoke likishachomoza, na feni ukipata umeme, kwani usubi haupendi upepo. Ukiona yale mashimo juu ya macho yamejaa na kuvimba, pamoja na homa, usingoje hata asubuhi.

Mbung'o, kwa upande wetu, hawamo tena. Baina ya 1994 na 1997 madume waliofanywa tasa, wakifugwa Tanga, walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja mpaka kizazi chao kikakatika. Wenye umri wangu tunazikumbuka ndege zile. Lakini farasi katoka bara, kwa hiyo damu yake ipimwe nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na homa ya kupe, isiwe tumempa yeye kosa la udhaifu kumbe ana ugonjwa ndani.

Sasa joto. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Wewe uko kwenye mawimbi. Mwili wa farasi unahitaji wiki mbili mpaka tatu kuzoea joto lenye unyevu, tena si kwa kufungiwa kivulini tu, bali kwa kutembezwa kidogo kidogo. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu. Kwa hiyo akishakuwa anakunywa vizuri, na si kabla, mwekee chumvi ya kawaida ya jikoni pembeni ya chakula, gramu 30 kwa siku, kama vijiko viwili vya chakula. Mchunguze pia anatoka jasho. Farasi wengine waliohamia pwani hukauka jasho: mchana wengine wamelowa yeye ngozi kavu, anahema kivulini kama kakimbizwa. Huyo si mvivu. Mwili wake umeshindwa kujipoza, na akipandwa kwenye jua anaweza kuanguka. Ukimkuta hivyo mmwagie maji ya baridi mwili mzima, tena na tena, mpaka pumzi zishuke. Hayo maneno kwamba maji ya baridi humkamata farasi misuli, au kwamba aliyetoka jasho asinywe, ni ya barazani tu. Mpe anywe.

Kwato, meno: atazamwe na mtu anayejua, mara moja, uendelee. Miamba yenu ya matumbawe humchubua farasi asiye na vyuma, chagua njia.

Kazi ya kujuana mwanzishe toka kesho, hiyo haina karantini. Ila isiwe kazi. Wiki ya kwanza nenda bandani, kaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ule muhogo wako, usimshike. Akija mwenyewe kukunusa, mwache anuse. Usimwendee usoni moja kwa moja wala nyuma: mbele ya paji lake na nyuma ya mkia wake ndiko asikokuona, kwengine kote anakuona. Njoo kwenye bega. Ukimkuna, mkune pale shingo inapokutana na mgongo, ndipo wanapokunana wao kwa wao, na mapigo ya moyo hushuka kwa kukunwa hapo. Kumpigapiga shingoni kama mtu anayepiga ngoma, tunakopenda, yeye hakuelewi.

Wiki ya pili mtembeze kwa kamba. Kamba usiizungushe mkononi hata siku moja, ikunje tu. Nimeona kidole kikienda. Anza uani: hatua kumi, simama, rudi nyuma hatua moja, geuza makalio. Akikusikiliza hapo, toka nje ya ua asubuhi mapema. Na hapa unahitaji kufikiri kama farasi wa Arusha. Bahari kaivuka, lakini ufukwe hajauona. Hajaona ngalawa ikifungua tanga, wala wanawake wanaoinuka na magunia ya mwani kutoka majini, wala zile tiara kubwa za wageni zinazovuma hewani upande wa Paje. Bamvua inaleta maji mpaka mlangoni, baada ya saa sita hivi ufukwe umekauka mpaka mwambani. Kwake dunia inahama. Mwonyeshe kwa mbali, umbali ambao anainua kichwa, anasimamisha masikio, kisha anapumua na kurudi kutafuta jani. Hapo geuka urudi nyumbani, kabla hajaogopa, sio baada. Kesho sogea hatua ishirini.

Nikupe ujanja mmoja uliowahi kunifaa. Kitu kinachomjia farasi humtisha, kinachomkimbia humvutia. Kama anaogopa gari la ng'ombe, usimsimamishe pembeni likimpita. Subiri lipite, mlifuate nyuma, polepole. Baada ya mwendo wa robo saa atakuwa anataka kulinusa. Hata kwa wale wenye tiara, ukiwaomba mmoja atembee na tiara yake iliyokunjwa mbele yenu, watakubali. Vijana wazuri wale. Jihadhari na mashamba ya mwani tu: vigingi na kamba havionekani maji yakiwa magotini, na farasi aliyenaswa mguu haelezeki. Mashamba hayo pia ni riziki ya watu, usiyakanyage.

Adhana ya alfajiri itamshtua siku za mwanzo, spika za msikiti wenu nazijua. Hakuna la kufanya. Siku atakaponyanyua kichwa, akasikiliza, akarudi kula, ndiyo siku unayoingoja. Akiwa pia anakunywa, analala chini, joto halijapanda na mavi ni mazuri, litoe tandiko kwenye gunia. Kwa kukisia itakuwa siku ya 21 mpaka ya 25. Ikiwa ya 30, sawa.

Kabla ya kumtandika, mpime uzito kwa utepe wa fundi cherahani. Zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, kwa sentimita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Akiwa na mzunguko wa 170 na urefu wa 155 utapata kilo kama 377. Mtu na tandiko pamoja visipite moja ya tano ya hiyo, yaani 75. Tandiko likichukua kilo kumi, mpandaji amebakiwa na 65. Wageni wako wengi watazidi, mwanangu, na itabidi ujifunze kukataa kwa tabasamu.

Siku mbili za mwanzo mtandike tu, umtembeze kwa kamba, umvue. Siku ya tatu panda hapo hapo uani, baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijachoma, kutembea dakika 15, ushuke. Ukimvua tazama alama za jasho mgongoni: zikiwa sawa pande mbili, tandiko linakaa, ukiona kibaka kikavu katikati ya kulowa, hapo linambana na kesho patavimba. Rudia siku tatu nne. Ndipo mwende pwani, maji yakikupwa, kwenye mchanga ulioshikana. Ule mkavu wa juu unavuta kano. Ukirudi msuuze kwa maji baridi, hasa chini ya tandiko, kwani chumvi ikikauka hapo inachubua. Mgeni asipande kabla wewe hujampanda wiki mbili nzima bila ya mshangao.

Kwa sasa nataka uniandikie Ijumaa: lita alizokunywa kila siku, joto la asubuhi na jioni, mara alizokunya, na kama umemkuta na mchanga ubavuni. Picha ya tandiko usinitumie bado.